Kiharusi Kikigusa Tahajia: Mwongozo kwa Anayemuuguza Mgonjwa Nyumbani

Mtu akipigwa na kiharusi huku kwetu Mbeya, ndugu huangalia kwanza mguu na mkono. Akiinuka kitandani na kushika kijiko, tunamshukuru Mungu na kusema amepona. Halafu siku moja anapewa kalamu aandike orodha ya sokoni, au anashika simu amjibu mtoto aliyeko Dar es Salaam, na kinachotoka hakisomeki. Familia nyingi zikifika hapo hununua daftari la mistari na kumwanzishia mzee wa watu a, e, i, o, u.

Nawasihi msianzie hapo. Ubongo ulioumia haujarudi darasa la kwanza. Ili neno moja lifike kwenye karatasi kwa tahajia sahihi, yaani herufi zake zikiwa kamili na kwa mpangilio wake, ubongo hufanya kazi kadhaa tofauti, na mara nyingi iliyoharibika ni moja au mbili tu. Makosa ya mgonjwa yenyewe ndiyo yanayoonyesha ni ipi. Ukijua kuyasoma makosa hayo, utajua zoezi la kumpa, na hutampotezea muda wala heshima yake kwa mambo ambayo bado anayaweza.

Nimeuandika mwongozo huu kwa wanaouguza nyumbani, kwa kuwa wataalamu wa tiba ya usemi na lugha ni wachache sana nchini. Wengi wetu tunarudi Uyole, Tukuyu, Mafinga au Makete tukiwa na dawa za presha na tarehe ya kliniki, basi.

Hatua ya 1: Kama tatizo limeanza leo, nendeni hospitali

Kushindwa kuandika ghafla ni dalili ya kiharusi, kama ilivyo mdomo kwenda upande. Mwishoni mwa 2012 madaktari wa Marekani waliandika habari za mama mjamzito wa miaka 25 ambaye mumewe alishtuka kupokea ujumbe wa simu usioeleweka, maneno yamevurugika. Alikuwa amepata kiharusi. Kwa hiyo mtu aliyekuandikia vizuri jana, na leo SMS yake ni fujo tupu, mpigie. Msikilize anavyoongea. Aliye karibu naye amwambie atabasamu na ainue mikono yote miwili.

Kikiwepo chochote kisicho cha kawaida, tafuteni usafiri. Andikeni saa ambayo mtu alionekana mzima mara ya mwisho, kwa maana daktari ataiuliza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya kichwa kupigwa picha ya CT kuhakikisha mshipa haujapasuka. Ndiyo maana msimpe aspirini nyumbani kwa kubahatisha. Msimpe pia chakula, maji wala uji kabla hajapimwa kama anameza vizuri. Si kila hospitali ina kipimo na dawa hiyo, ila kufika mapema kuna faida hata pasipo dawa hiyo.

Kiharusi si chanzo pekee. Ajali za bodaboda bila kofia ngumu zinaumiza ubongo wa vijana wetu kila siku. Kuna uvimbe wa ubongo, malaria iliyopanda kichwani, na mabuu ya tegu wa nguruwe yanayokaa kwenye ubongo na kuleta kifafa, jambo ambalo sisi tunaofuga nguruwe huku Mbozi na Mbeya Vijijini tunapaswa kulijua. Na kuna jiko la mkaa. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya Njombe na Makete inapobana, watu huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu itokayo kwenye mkaa haina harufu. Inaua, na anayenusurika anaweza kubaki na ubongo ulioharibika. Toeni jiko nje kabla ya kulala.

Hatua ya 2: Tafuta mwandiko wake wa zamani

Hatua hii watu huiruka, na mimi naiona ni ya lazima kuliko zote. Kabla hujaita kitu kosa la ugonjwa, ujue mtu huyu aliandikaje alipokuwa mzima.

Kiswahili tunachoandika nyanda hizi kina alama za lugha zetu za nyumbani. Wapo waliochanganya l na r tangu shuleni, wapo wanaoandika "abari" na wapo wanaoandika "hasante". Hayo hayakuletwa na kiharusi. Baba yangu mdogo alikuwa katibu wa kikundi cha wakulima wa viazi, na madaftari yake ya mahesabu yapo mpaka leo. Kwenye madaftari hayo, miaka mingi kabla hajaugua, aliandika "galama za mbolea" na "gali la mzigo" bila kukosea hata siku moja katika kukosea huko. Baada ya kiharusi binti yake akawa anamsahihisha "galama" kwa kalamu nyekundu, mzee anakasirika, na alikuwa na haki ya kukasirika. Kosa jipya lilikuwa jingine kabisa: alikuwa ameanza kuandika "mboela" na "vizai". Herufi zote zipo, zimebadilishana nafasi. Hilo halikuwepo hata mara moja kwenye madaftari ya zamani.

Tafuta basi chochote: daftari la duka, barua, muhtasari wa vikao vya kikundi, meseji za zamani kwenye simu. Piga picha kurasa mbili tatu uzihifadhi. Jua pia alisoma mpaka darasa la ngapi, alikuwa anaandika mara kwa mara au mara moja moja, kwa lugha gani, na kwa mkono upi.

Hatua ya 3: Ondoa kwanza yasiyo ya tahajia

Miwani ipo? Anasikia vizuri masikio yote mawili? Mtu asiyesikia tofauti ya "pata" na "bata" ataandika alichosikia.

Angalia macho kwa namna nyingine pia. Kiharusi kinaweza kumwondolea mtu nusu ya anachokiona. Kikipiga upande wa kulia wa ubongo, kinaweza kumfanya asijali kabisa upande wake wa kushoto: anakula wali wa upande mmoja wa sahani, ananyoa shavu moja, na akiandika anajaza upande wa kulia wa karatasi, kushoto kweupe. Huyo mara nyingi tahajia anaijua. Chora mstari mnene mwekundu pembezoni kushoto mwa ukurasa, na kabla ya kila mstari mwambie autafute kwa kidole.

Halafu mkono. Kwa watu wengi sana lugha inakaa upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Ndiyo sababu mtu anapoteza maneno na mkono wa kuandikia kwa pigo moja. Aanze kutumia wa kushoto, kwa herufi kubwa zilizoachana. Mwandiko utakuwa mbaya kwa wiki kadhaa, lakini tahajia haikai mkononi. Mpe kalamu mkono wa kushoto, kisha simu, kisha vipande vya karatasi vyenye herufi. Akikosea vilevile kwa njia zote tatu, tatizo liko kwenye tahajia. Akipanga vipande vizuri na kushindwa kwa kalamu tu, tatizo liko kwenye mkono au kwenye kumbukumbu ya maumbo ya herufi.

Mgonjwa akiwa na shida ya kuongea pia, hiyo inaitwa afasia. Haimaanishi akili imepungua. Ongea naye kama ulivyoongea naye zamani, shikamoo yake umpe, na usimjibie anapoulizwa.

Hatua ya 4: Jaribio la karatasi moja

Fanya asubuhi baada ya chai, mgonjwa akiwa amepumzika. Wageni wasiwepo, wajukuu wapelekwe nje. Omba kwa heshima: "Baba, naomba tuandike pamoja kidogo, nataka daktari aone." Akikataa, acha, jaribu kesho. Dakika ishirini zinatosha.

Kwanza mpe maneno matatu yaliyoandikwa ayanakili. Kisha imla ya maneno mafupi anayoyajua: maji, jiko, chai, ndizi, mvua. Kisha marefu: parachichi, mwenyekiti, hatukuwalipa, wamekubaliana. Kisha manne ambayo wengi hatuyatamki kama yanavyoandikwa: fedha, thamani, ghali, dhahabu. Kisha matatu yasiyo na maana yoyote, na umwambie wazi kwamba hayana maana: pufemi, lodasu, kenibo. Baadaye shika vitu mkononi, kijiko, ufunguo, sabuni, bila kuvitaja, aandike majina yake. Mwisho chagua maneno matatu aliyokosea, umwombe ataje herufi zake kwa mdomo, moja moja.

Usimsahihishe katikati. Usifute kitu. Andika tarehe juu ya karatasi.

Hatua ya 5: Yasome makosa

Hapa tulia, maana ndipo kazi yenyewe ilipo.

Ubongo una njia mbili za kupata tahajia. Njia moja ni ya kumbukumbu: neno ulilolizoea limehifadhiwa zima, linatoka kama lilivyo. Nyingine ni ya sauti: unasikia "pu", unaandika p na u, unaendelea. Mzima hutumia zote mbili bila kujua. Maradhi yanaweza kuvunja moja na kuiacha nyingine.

Ikivunjika njia ya sauti, mgonjwa ataandika "maji" na "chai" bila shida, lakini "pufemi" itamshinda kabisa. Nyumbani utamwona anashindwa jina la mgeni ambaye hajawahi kumwandika, au jina la dawa mpya, huku "mahindi" akiandika vizuri.

Ikivunjika njia ya kumbukumbu, mambo ni kinyume: "lodasu" anaiweza, ila maneno yasiyofuata sauti yanamponyoka. Kwa Kiingereza hilo huonekana haraka, mtu anaandika "naif" akikusudia "knife". Kiswahili chetu karibu kila sauti ina herufi yake, kwa hiyo kosa hili linajificha. Hapo ndipo yale maneno manne yanapofaa. Aliyezoea kutamka "feza" na bado akaandika "fedha" maisha yake yote, alikuwa anaitoa kwenye kumbukumbu. Leo akiandika "feza", "samani", "gali" na "zahabu", na madaftari ya zamani yanaonyesha aliyaandika sawa, umelipata jibu.

Kuna kosa la tatu linalowatisha ndugu. Unasema "ng'ombe", anaandika "maziwa". Unasema "baba", anaandika "kaka". Watu husema amechanganyikiwa. Hapana. Maana imefika, umbo la neno halikufika. Njia ya sauti haipo kumzuia, na neno jirani limechukuliwa. Mara nyingi huyu aliumia sehemu kubwa ya upande wa kushoto, na anahitaji subira ndefu.

La nne ndilo ninaloliona linatuumiza zaidi sisi tunaoandika Kiswahili, na halizungumzwi inavyopaswa. Ubongo ukishapata tahajia, lazima uishike herufi zote kwa sekunde chache wakati mkono unaandika. Hifadhi hiyo ya muda mfupi ikilegea, maneno mafupi yanapita na marefu yanaanguka. Herufi zinaruka, zinabadilishana, zinajirudia, hasa katikati ya neno: "parchichi", "mwekenyiti", "vizai". Makosa ni yaleyale kwa kalamu, kwa simu na kwa mdomo.

Sasa tazama sentensi zetu. Kitu ambacho lugha nyingine hukigawa katika maneno manne, sisi tunakiandika kama neno moja: hatukuwalipa. Maana yote iko katikati, palepale hifadhi inapovuja. Herufi moja ikidondoka, mara nyingi halibaki neno bovu, linabaki neno zuri lenye maana nyingine. "Amelipwa" bila w ni "amelipa", na aliyepokea hela anageuka aliyetoa. "Tumewalipa" bila silabi moja ni "tumewapa". Baba mdogo aliandika kwenye daftari la kikundi kwamba mwanachama fulani "amelipa", na palikuwa na maneno makali kwenye kikao mpaka mweka hazina alipoleta risiti. Yeye alijua kabisa nani kalipwa. Angeulizwa kwa mdomo angesema.

La tano ni la mkono. Anataja kwa mdomo m, v, u, a, sawasawa, lakini kalamu inachora mistari isiyo herufi. Mkono una nguvu ya kushika kikombe, ila mpango wa kuchora herufi umepotea. Wapo pia wanaochanganya herufi kubwa na ndogo ndani ya neno moja.

Mgonjwa mmoja anaweza kuwa na mawili kwa pamoja. Usitafute jina zuri la tatizo, tafuta kile kinachojirudia.

Kwamba sehemu za ubongo zimegawana kazi hizi si jambo jipya. Mwaka 1891 daktari Mfaransa Jules Dejerine alieleza mgonjwa aliyepoteza kusoma na kuandika baada ya kuumia eneo la nyuma ya ubongo wa kushoto, juu kidogo ya sikio. Mwaka uliofuata akaeleza mwingine aliyeandika vizuri lakini hakuweza kusoma hata alichokiandika mwenyewe. Kwa hiyo usidhani mgonjwa wako anayesoma Biblia vizuri anafanya uvivu kuandika. Mambo hayo mawili yanaweza kutengana.

Hatua ya 6: Maneno matano tu, na yawe ya kwake

Zoezi hili linamfaa karibu kila mtu, hasa aliyepoteza kumbukumbu ya maneno. Limefanyiwa kazi sana na mtafiti Pélagie Beeson wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na halihitaji kifaa chochote.

Chagueni maneno matano. Mgonjwa ndiye achague, wewe usaidie. Yasiwe "tembo" na "simba" ya kitabu cha watoto kama hafugi tembo. Mkulima wa kahawa Mbozi ana maneno yake, mama wa mchele Kyela ana yake, fundi wa mbao Mafinga ana yake. Majina ya wajukuu ni mazuri mno kuanzia, maana kila mtu anataka kuyaandika.

Kila neno liwe na picha au kitu chenyewe. Liandike kwa herufi kubwa wazi juu ya ukurasa. Mgonjwa alitazame, alitamke kama anaweza, alinakili. Alinakili tena na tena, mara 20 kwa siku kila neno, akiangalia mfano kila mara. Kisha funika. Mwonyeshe picha tu, aandike kwa kumbukumbu. Funua, alinganishe mwenyewe. Akikosa, arudi kunakili. Hakuna haja ya maneno ya lawama.

Anayekwama hata kunakili, mpe vipande vya herufi za neno lile vilivyochanganywa, avipange. Akizoea, ongeza herufi mbili ambazo si za neno hilo, azitoe.

Akiandika yote matano kwa kumbukumbu siku tatu mfululizo, leta mengine matano, lakini yale ya kwanza mrudie mara moja kwa wiki. Kila siku kidogo ni bora kuliko Jumamosi moja ndefu.

Hatua ya 7: Zoezi kulingana na kosa

Kwa aliyepoteza njia ya sauti: kila herufi ipate neno la kushikia, ambalo tayari anaweza kuliandika. M ya maji, k ya kahawa, n ya Njombe. Ukimwomba aandike "mu" na akakwama, muulize, "Maji inaanza na nini?" Aandike maji, achukue herufi ya kwanza. Anzeni na silabi moja, kisha mbili zilizounganishwa. Silabi za Kiswahili karibu zote huishia na irabu, na hilo linatusaidia sana. Sauti za herufi mbili, kama ch, sh, ny, na ng' yenye alama, zije mwisho, kila moja kwa siku zake.

Kwa ambaye hifadhi imelegea: mkate neno kabla hajaliandika. Apige meza kwa kidole kwa kila silabi: ha-tu-ku-wa-li-pa. Achore vistari sita. Ajaze kistari kimoja akisema silabi yake kwa sauti, kisha kinachofuata. Mwisho asome alichoandika kwa kidole, silabi kwa silabi, akitafuta iliyoruka. Mfundishe pia kufupisha sentensi. Badala ya "hatukuwalipa", daftari liwe na safu mbili, moja imeandikwa NDANI na nyingine NJE, na yeye aandike jina na kiasi. Baba mdogo alirudi kutunza hesabu za kikundi kwa njia hiyo, na mweka hazina alikuwa anazisoma bila kuuliza.

Kwa mwenye tatizo la maumbo ya herufi: afuate kwa kidole herufi kubwa zilizochorwa kwenye unga au mchanga, kisha kwa kalamu nene juu ya herufi zenye nukta, kisha peke yake. Simu itamfaa mapema kuliko karatasi, kwa kuwa herufi ipo tayari, anaigusa tu.

Kwa anayeandika "maziwa" badala ya "ng'ombe": usiseme "siyo". Sema, "Maziwa yanatoka kwa nani?" Kisha mpe herufi ya kwanza. Wengi hupata neno wakishapewa mlango huo.

Mgonjwa akiandika neno la mwanzo tena na tena, hata ukimtajia jingine, amechoka au ubongo umenasa. Funga daftari. Ongeeni mambo mengine dakika kumi kabla ya kurudi.

Hatua ya 8: Simu

Simu ni daftari zuri sana. Yale maneno matano yaandikwe pia kwa simu. Kibodi ya simu ikikisia maneno ya Kiswahili, iwashe kwa mwenye shida ya hifadhi, maana atatambua neno sahihi akiliona. Kwa anayechagua maneno yenye maana jirani, izime, itampotosha. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp umruhusu pale anapotaka kuwasiliana haraka. Lile ni daraja, si uvivu. Waambieni watoto walioko mbali wasimcheke kwenye kundi la familia, na wasimjibu kwa maandishi marefu.

Hatua ya 9: Saini, namba ya siri na pesa

Saini mara nyingi inabaki hata tahajia ikipotea, kwa kuwa mkono umeizoea. Ikiwa imebadilika, nendeni naye benki mapema mwulize utaratibu wa kubadilisha saini au kutumia dole gumba. Msisubiri mpaka kuwe na haja ya kulipa ada.

Angalia pia namba. Katika miaka ya 1920 daktari wa Vienna, Josef Gerstmann, alieleza wagonjwa ambao pamoja na kushindwa kuandika walishindwa hesabu, walishindwa kutaja vidole vyao, na walichanganya kulia na kushoto. Mjaribu kwa pole: elfu kumi, umenunua vitu vya elfu sita na mia tano, chenji ngapi? Akichanganya, asitume pesa kwa simu peke yake kwa sasa. Aandike tarakimu, azisome kwa sauti, na mtu mmoja anayemwamini aangalie kabla ya kubonyeza. Mtu mmoja, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe. Namba ya siri isizunguke nyumba nzima.

Hatua ya 10: Muda, uchovu na moyo

Mabadiliko makubwa huja ndani ya wiki na miezi ya mwanzo. Baada ya hapo kasi hupungua, lakini kujifunza hakukomi, na wapo wanaoendelea kupata maneno mapya baada ya miaka. Msikate tamaa mwezi wa nne tangu augue.

Ubongo ulioumia unachoka haraka kuliko mguu. Makosa yakianza kuongezeka ndani ya zoezi, hiyo ndiyo alama ya kuacha. Usiku baada ya siku ya wageni, usitegemee kitu.

Huzuni nayo iangaliwe. Karibu mtu mmoja kati ya watatu waliopata kiharusi huingia kwenye sonona, na ina tiba. Mzee aliyeacha kula, asiyetaka watu, anayelia au anayesema hana faida tena, aelezwe daktari kwa maneno hayohayo.

Dawa za presha zisikatishwe kwa sababu "sasa anajisikia vizuri". Kiharusi cha pili kinaweza kufuta kazi yote ya kwenye daftari.

Kwenye tarehe ya kliniki, iwe Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ya mkoa Iringa au kwenu wilayani, beba karatasi ya jaribio la kwanza, kurasa za karibuni na picha za mwandiko wa zamani. Sema wazi kwamba anapoteza herufi za katikati, au kwamba maneno mapya yanamshinda, na uulize kama yupo mtaalamu wa usemi au wa tiba kazi (anayemsaidia mgonjwa kurudia shughuli zake za kila siku) anayekuja hapo, na siku gani. Tahajia ikiporomoka ndani ya saa au siku moja baada ya kuwa imetulia, au akianza kuumwa kichwa sana, kutapika au kupata degedege, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.